Zimwi Mlangoni: Kwa Nini Bango la Filamu ya Kutisha Hufunua au Huficha

Desemba 1973, The Exorcist ilipoanza kuonyeshwa Marekani, bango lake halikuwa na shetani. Mwanamume mmoja amevaa kofia na koti refu, mkoba mkononi, amesimama chini ya taa ya barabarani mbele ya nyumba. Dirisha la juu linamwaga mwanga, na kwingine kote ni giza. Msichana aliyepagawa, ambaye ndiye kisa chenyewe, hayumo. Miaka kumi na kitu baadaye, katika miji na vijiji vya Ghana, filamu za kutisha zilitangazwa kwa michoro ya rangi ya mafuta juu ya magunia ya unga, na humo kila kitu kilitolewa hadharani: meno, utumbo, macho yaliyong'olewa, nyoka akitoka kinywani mwa mwanamke, damu ikichuruzika hadi kwenye herufi za jina la filamu. Ni rahisi kusema kwamba bango la kwanza ni la watu waliostaarabika na la pili ni la wasiojua kiasi, na maneno ya namna hiyo yamesemwa mara nyingi, wakati mwingine kwa dharau na wakati mwingine kwa sifa za juu juu. Mimi nashikilia jambo jingine. Bango ni mpiga debe, na mpiga debe hupaza sauti kulingana na abiria aliye mbele yake: anayejua basi aendalo haambiwi mengi, na asiyejua lolote huorodheshewa vituo vyote. Pale bango linapofanya kazi peke yake, zimwi hutolewa nje. Pale kitabu, gazeti au televisheni ilipokwisha kumnong'oneza mtu kwamba ndani kuna zimwi, bango hupata nafasi ya kunyamaza.

Tuanze Berlin. Kabla ya The Cabinet of Dr. Caligari kuonyeshwa kwa mara ya kwanza Februari 1920, mjini yalibandikwa mabango yaliyokuwa na amri tu, yakimtaka mpita njia awe Caligari, bila kueleza Caligari ni nani wala kitu gani. Mtu anaweza kuuliza: basi tangu mwanzo bango lilificha, na hapakuwa na televisheni, hoja iko wapi? Jibu liko kwenye barabara zenyewe. Berlin ilikuwa na nguzo maalumu za matangazo, na watu walewale walipita mbele ya nguzo zilezile kila siku wakienda kazini. Bango la leo liliweza kuuliza kwa sababu la wiki ijayo lingejibu, na magazeti ya jioni yangemalizia. Kuficha kunahitaji mtu atakayepita tena, au atakayeambiwa pembeni. Miaka miwili baadaye Albin Grau, mbunifu wa mandhari ya Nosferatu, alichora pia matangazo yake, na humo Count Orlok anaonekana na kucha zake na umbo lake la panya aliyesimama. Kampuni yao, Prana, ilikuwa changa, na kisa walikuwa wamekichukua kutoka Dracula ya Bram Stoker bila ruhusa, kwa hiyo hata jina maarufu ambalo lingewapigia debe hawakuwa nalo. Ilibidi sura ya zimwi ifanye kazi ambayo jina la kitabu lingeifanya.

Universal ya Carl Laemmle ndiyo iliyotengeneza mazoea yaliyokuja kuigwa kote. Mwaka 1925, kwa The Phantom of the Opera, kampuni hiyo iliificha sura aliyojitengenezea mwigizaji Lon Chaney. Picha zake bila barakoa hazikutolewa kwa magazeti hadi filamu ilipotoka. Hili hutajwa kama ushahidi kwamba siri ni dawa ya zamani. Ni kweli, lakini siri ile ilikuwa imekwishatangazwa. Riwaya ya Gaston Leroux ilikuwa imesomwa tangu 1910, Chaney alikuwa anajulikana kwa kujigeuza sura, na kila aliyetazama barakoa alijua chini yake kuna kitu. Siri isiyojulikana kuwa ipo haiuzi tiketi hata moja. Ulipofika mwaka 1931, Universal ilipokuwa na Dracula na Frankenstein katika mwaka mmoja na sauti bado ikiwa jambo jipya kwenye sinema, mabango yalijaa nyuso. Watengenezaji wa Frankenstein walijifanya kuficha: kwenye orodha ya waigizaji mwanzoni mwa filamu, jina la anayeigiza zimwi limewekewa alama ya kuuliza. Lakini mtu aliyekuwa anaiona alama ile alikuwa amekwishalipa na kuketi.

Mabango ya miaka hiyo yalichapwa kwa mawe, rangi moja baada ya nyingine, kwenye karatasi ya inchi 27 kwa 41, na mkuu wa michoro ya matangazo pale Universal alikuwa Karoly Grosz, mzaliwa wa Hungaria. Tazama bango la The Mummy la mwaka 1932. Boris Karloff amesimama amefungwa vitambaa, mkavu kama gogo, na karibu yake yuko Zita Johann katika gauni jekundu. Humo mna karibu kanuni zote ambazo tungezikuta tena kwa miaka 30: kilichokufa upande mmoja na chenye damu upande mwingine, mwanamke kama kipimo cha hatari, na maneno machache yanayotangaza kwamba maiti imefufuka. Hakuna fumbo. Mkazi wa mji mdogo wa Ohio aliyepita mbele ya sinema alipaswa kujua kwa kutupa jicho moja kwamba humu mna maiti inayotembea na humu mna mahaba, kwa sababu wiki ijayo ingekuja filamu nyingine na bango hili lingeondolewa na kutupwa. Yalitupwa kweli, ndiyo maana nakala ya bango hilo iliuzwa mwaka 1997 kwa zaidi ya dola 450,000.

Miaka ya 1950 iliongeza sauti. Marekani ilikuwa na zaidi ya sinema 4,000 za wazi, ambako watu walitazama wakiwa ndani ya magari, na vijana ndio waliokuwa wateja wakubwa. Kampuni ya American International Pictures, ya James Nicholson na Samuel Arkoff, ilizoea kuanza na jina la filamu na bango, na kama wenye sinema walivutiwa, ndipo hadithi ilipoandikwa. Hapo bango halikuwa tena tangazo la filamu. Filamu ilikuwa malipo ya deni lililokopwa na bango, na mara nyingi deni halikulipwa. Reynold Brown alichora bango la Attack of the 50 Foot Woman mwaka 1958: mwanamke mkubwa kama jengo amepanua miguu juu ya barabara kuu, magari yakipondana chini yake, moja likiwa mkononi mwake. Tukio hilo halimo kwenye filamu. Bango la Forbidden Planet la mwaka 1956 linaonyesha roboti akiwa amebeba mwanamke aliyezirai, ilhali ndani ya filamu roboti huyo ni mtumishi mpole, na anayembeba ni daktari wa kiume aliyejeruhiwa. Kanuni ya mwanamke mikononi mwa zimwi ilikuwa imeota mizizi kiasi cha kujichora yenyewe hata pale kisa kilipoikataa. Televisheni ilikuwa imeingia majumbani, lakini kampuni za filamu zilikuwa bado zikiiona kama adui anayewaibia watazamaji, hazijaanza kuitumia kwa nguvu kama mnadi wao. Ndiyo maana sauti ya bango haikushuka wakati televisheni ilipoenea. Ilishuka pale televisheni ilipoanza kuuza filamu.

Mageuko yalianza na Rosemary's Baby mwaka 1968. Stephen Frankfurt na Philip Gips waliweka uso wa Mia Farrow, umelala ubavu katika rangi ya kijani, na juu yake kivuli cha kigari cha mtoto kwenye mawe. Mtoto haonekani, na baba wa mtoto, ambaye ni Shetani, haonekani vilevile. Lakini riwaya ya Ira Levin ilikuwa imetoka mwaka mmoja nyuma na kuuzwa kwa wingi. Kigari kile kilikuwa kinazungumza na watu ambao ama wamesoma ama wamesimuliwa. The Exorcist ilikuwa hivyohivyo: riwaya ya William Peter Blatty ya mwaka 1971 ilikuwa mikononi mwa mamilioni. Bill Gold, aliyetengeneza bango, alitumia picha iliyotoka kwenye filamu yenyewe, tukio ambalo mwongozaji William Friedkin alilijenga akiwa na mchoro wa Magritte kichwani. Angeweza kuonyesha kitanda na msichana. Hakuwa na haja, kwa kuwa msomaji alijua ni nani aliye nyuma ya dirisha lile, na hofu aliibeba mwenyewe kutoka nyumbani. Mwaka 1979 Gips alirudi na Alien: yai moja jeusi, ufa unaotoa mwanga wa kijani, na chini kaulimbiu iliyoandikwa na mkewe Barbara kuhusu anga ambako kilio hakisikiki. Yai lile halifanani hata na mayai ya kwenye filamu. Halikuhitaji kufanana, kwani vionjo vya televisheni vilikuwa vinapiga kelele kwa niaba yake.

Katikati ya mabango hayo ya kunyamaza linasimama Jaws ya mwaka 1975, na linaonekana kuivunja hoja yangu vipande vipande. Universal ilitumia takriban dola 700,000 kwa matangazo ya televisheni katika siku chache kabla ya Juni 20, filamu ikafunguliwa katika kumbi zaidi ya 400 kwa mpigo, na riwaya ya Peter Benchley ilikuwa inajulikana kila mahali. Kwa mantiki yangu, bango lingepaswa kuwa maji matupu. Badala yake, papa mkubwa anapanda wima, kinywa wazi, meno yamepangana kama misumari, na mwogeleaji hajui lolote. Filamu yenyewe ndiyo inayoficha, kwa zaidi ya saa nzima. Lakini mchoro ule haukuzaliwa kuwa bango la sinema. Roger Kastel aliuchora kwa ajili ya jalada la toleo la bei nafuu la riwaya, lililochapishwa na Bantam na kusimama kwenye rafu za vituo vya mabasi na viwanja vya ndege miongoni mwa mamia ya vitabu vingine. Kwenye rafu ile jalada lilikuwa peke yake, sekunde mbili au tatu mbele ya jicho la msafiri. Universal ilipouchukua mchoro kwa ajili ya filamu, ilichukua pamoja nao tabia ya rafu.

Wapo watakaosema kwamba kunyamaza kule kulikuwa suala la tabaka: kampuni kubwa zilitaka watu wenye heshima zao, ambao wasingeonekana kwenye foleni chini ya picha ya utumbo. Sehemu ya hili naikubali. Lakini heshima haiwezi kusimama bila fedha za matangazo. The Texas Chain Saw Massacre ilitoka mwaka 1974, katikati ya kipindi kilekile, kwa fedha kidogo na bila jina la kitabu la kuegemea, na bango lake linaonyesha mwuaji na msumeno wake na mwanamke aliyetundikwa kwenye ndoano nyuma yake. Lililobadilika kati yake na The Exorcist ni kile kilichotangulia kufika masikioni mwa mtazamaji. Pale ninapobanwa zaidi ni Halloween ya mwaka 1978. Nayo ilikuwa filamu ya fedha kidogo isiyotokana na riwaya, na bado Bob Gleason alichora mkono na kisu vinavyoungana na boga lililochongwa, bila mwuaji wala barakoa yake. Naona jibu lake ni kwamba jina lilikuwa limechukua nafasi ya kitabu. Kila mtoto wa Marekani alijua usiku huo, boga hilo na hofu yake ya mchezo. Bango lilibakiwa na kazi ya kuongeza kisu tu. Sidai kwamba jibu hilo linafunga mjadala, ila linaonyesha kuwa ujuzi wa msomaji unaweza kutoka kwenye sikukuu kama unavyotoka kwenye televisheni.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la sheria na hasira ya wazazi. Chama cha wenye kampuni za filamu Marekani kimesimamia matangazo tangu 1930, na kimeuma mara kadhaa. Mwaka 1984 bango la Silent Night, Deadly Night, lenye mkono wa Baba Krismasi ukitoka kwenye bomba la moshi na shoka, liliwafanya wazazi waandamane hadi Tri-Star ikaondoa matangazo, kisha filamu. Mwaka 2007 mabango ya barabarani ya Captivity, yaliyoonyesha mwanamke akitekwa na kuteswa hatua kwa hatua, yaliondolewa Los Angeles na New York, na chama hicho kikasimamisha kwa muda kazi ya kuiwekea filamu hiyo daraja la umri. Je, basi ni woga wa sheria tu uliofundisha mabango kunyamaza? Kama ingekuwa hivyo, tusingeona chochote kwenye bango la The Silence of the Lambs la mwaka 1991 zaidi ya kipepeo wa usiku aliyeziba mdomo wa Jodie Foster. Angalia kipepeo kwa karibu: fuvu lililo mgongoni mwake limeundwa na miili ya wanawake saba walio uchi, kutoka kwenye picha ya Salvador Dalí na Philippe Halsman. Sheria haikulazimisha utajiri ule wa siri. Sheria inaeleza kwa nini baadhi ya mabango yaliondolewa. Haielezi kwa nini mengine yalichagua kufunga mdomo na yakafaulu.

Uingereza inatupa jaribio safi zaidi. Miaka ya mwanzo ya 1980 deki za video ziliingia majumbani, na hadi 1984 hakukuwa na sheria iliyodai kanda za video zikaguliwe kabla ya kuuzwa. Nchi ilikuwa ileile, televisheni ileile, watu walewale waliokuwa wametazama bango tulivu la Alien. Lakini kaseti hazikuwa na vionjo vya televisheni. Zilipangwa dukani, mara nyingi kwa muuza sigara na magazeti, kava kando ya kava. Mwaka 1982 kampuni ya video ya Vipco ilitangaza The Driller Killer ya Abel Ferrara kwa picha ya mwanamume akitobolewa paji la uso kwa keekee, na malalamiko yakamiminika kutoka kwa watu ambao wengi wao hawakuwa wameiona filamu. Filamu yenyewe ni ya polepole kuliko kava lake. Ghasia zile zilisaidia kuzaa sheria ya kanda za video ya mwaka 1984. Ninachokiona humo ni kwamba Mwingereza, aliyesifiwa kwa kiasi chake, alitoa zimwi nje mara tu bango lake lilipoachwa peke yake kwenye rafu.

Sasa turudi Ghana tukiwa na macho mengine. Katikati ya miaka ya 1980 wafanyabiashara wa huko walipakia runinga, deki na jenereta kwenye gari, wakazunguka mijini na vijijini na mikanda ya Hollywood, Hong Kong na India, na baadaye ya Ghana na Nigeria. William Akuffo alipotoa Zinabu mwaka 1987, hadithi ya mchawi iliyopigwa kwa kamera ya video, biashara ilipata mazimwi ya nyumbani. Katika Diabolo yake mwanamume anageuka nyoka. Mwenye deki alifika mahali ambako jana yake hakuna aliyekuwa amesikia jina la filamu, akatandaza bango, na jioni akaondoka. Asingerudi wiki ijayo kumalizia fumbo. Bango lilikunjwa kama mkeka na kusafiri juu ya gari kwenye jua na mvua, kwa hiyo karatasi isingefaa. Wachoraji walifumua magunia mawili ya unga, wakayashona yawe turubai moja na kuyapaka rangi isiyoogopa maji. Watu kama Joe Mensah, Leonardo, Heavy J na Death Is Wonder walikuwa mafundi waliotoka kwenye uandishi wa vibao vya saluni na maduka, na walijua kazi ya kusomeka kutoka upande wa pili wa barabara.

Mara nyingi mchoraji hakuwa ameiona filamu. Alipewa kava la kaseti, au alisimuliwa, akaongeza. Hapo ndipo wengi huona ujinga, nami naona mbinu ileile ya Reynold Brown na barabara yake kuu, ikifanywa na mtu mwenye haraka zaidi na fedha kidogo zaidi. Bango lilipaswa kubeba kionjo, uhakiki wa gazeti, jalada la kitabu na jina la nyota kwa pamoja, kwenye kitambaa kimoja, kwa msomaji ambaye pengine hakusoma herufi. Wanaotaja dini na imani za uchawi kama sababu wana lao: zimwi la Ghana mara nyingi ni la kiroho, na makanisa ya Kipentekoste yaliwapa wachoraji na waongozaji msamiati mzima wa mapepo. Lakini imani ilichagua zimwi la aina gani lichorwe. Haikuamua kama lichorwe wazi, kwani filamu za mapigano za Marekani zisizo na pepo hata mmoja zilipakwa damu vilevile.

Afrika Mashariki tulikuwa na deki zilezile na mikanda ileile, lakini kazi ya kunadi ilikwenda kwenye maneno. Nje ya kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video, palikaa ubao wenye majina yaliyoandikwa kwa chaki, na ndani sauti ya mfasiri, kama ile ya Lufufu jijini Dar es Salaam, ikawa kivutio kuliko mchoro wowote. Filamu za kutisha za Mussa Banzi, Nsyuka na Shumileta, zilipotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, ziliuzwa zaidi kama kanda na diski za kupeleka nyumbani, na hapo kava likapata tena mzigo wake.

Magunia ya Ghana yalipungua miaka ya 1990 ilipokuwa ikiisha, watu walipopata runinga zao na mabango ya kuchapwa yakawa nafuu. Mwaka 2000 mkusanyaji Ernie Wolfe alichapisha kitabu kikubwa cha picha za mabango hayo, na tangu hapo wachoraji wamekuwa wakipokea oda kutoka ng'ambo, nyingine za filamu ambazo hazikuwahi kuonyeshwa kwenye banda lolote la kijijini. Kwa hoja yangu, mnunuzi wa Chicago ambaye ameitazama filamu mara tano angepaswa kuuziwa bango linaloficha. Anataka kinyume chake, damu zaidi na vichwa zaidi, na fundi humpa. Sababu ni kwamba halimwiti tena aingie popote. Ananunua turubai la kutundika sebuleni. Kazi ya mlangoni imehamia kwenye vijipicha vya huduma za filamu za intaneti, ambako filamu kumi hukaa bega kwa bega kwenye kioo cha simu bila kitabu wala kionjo kutangulia, na pale uso mkubwa uliopotoka kwa hofu, au kwa tabasamu lisilo la kawaida, umerudi kuchukua nafasi iliyoachwa na yai la Alien.